Shokapu Iliyokufa na Breki Zilizosingiziwa

Kwa majuma matatu lori langu lilikuwa likivuta kulia kila nilipokanyaga breki nikiwa nimebeba chumvi kutoka Gongoni, na kwa majuma hayo yote matatu nilikuwa nikiutafuta ubovu mahali ambapo haukuwapo. Nayaandika haya kwa ajili ya wenye malori wenzangu wa hapa Malindi, na wale wa njia ya Garsen hadi Mokowe, kwa sababu sisi huulizana juu ya breki kila siku lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza juu ya shokapu, kile chombo kinachotuliza mtikisiko wa springi, ilhali vitu hivi viwili havitenganiki hata kidogo. Breki husimamisha gurudumu. Kinacholisimamisha gari ni tairi lililoshika ardhi, na tairi halishiki ardhi ikiwa linarukaruka.

Gari lenyewe ni Canter ya zamani, yenye breki za mafuta zinazosaidiwa na vakyumu (nguvu ya kunyonya hewa), dramu kwenye magurudumu yote (bakuli la chuma ambalo viatu vya breki hulisugua kutoka ndani), na springi za mabamba mbele na nyuma. Kazi yake ni ile ya malori mengi ya hapa: huondoka mjini likiwa tupu, likavuka daraja la Sabaki, likapita Mambrui, kisha likarudi limejaa chumvi au mawe ya kujengea. Siku iliyonishtua ilikuwa ya kurudi. Karibu na Mambrui, mahali ambapo lami ilikuwa imebanduka ikatiwa viraka, bodaboda ilitoka kichochoroni mbele yangu, nami nikakanyaga breki kwa nguvu. Sehemu ya mbele ya lori ilitikisika, usukani ukanivutia kulia, na nikajikuta nusu ya gari iko upande wa wanaokuja. Kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtu aliyekuwa akija.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ilisikia maneno "linavuta" na "breki", ikaanza kufungua. Viatu vya breki vya mbele vikabadilishwa. Gari likaendelea kuvuta. Wakasema ni masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali inapokanyagwa. Nayo ikabadilishwa, hewa ikatolewa kwenye mabomba, pesa zikalipwa, na safari iliyofuata usukani ukanivuta vilevile. Siwalaumu kwa ujuzi wao wa kufungua na kufunga, kwa maana kazi yao ilikuwa safi. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna aliyeliendesha lile gari kabla ya kushika spana.

Ndipo nikaenda kwa fundi mzee ambaye sisi sote tuliokulia mitaa hii humwita Ami. Nilimwamkia, nikamweleza, na kabla sijamaliza akanikatiza kwa swali.

"Lavuta wapi?"

Nikamjibu kwamba huvuta ninapokanyaga breki.

"Sikukuuliza lini, mwanangu. Nimekuuliza wapi."

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nilipolifikiria, nikakumbuka kwamba kila mara ilikuwa ama kwenye njia ya vumbi inayotoka mashamba ya chumvi hadi barabara kuu, yenye mikunjo kama ya bati la nyumba, ama penye viraka karibu na Mambrui. Ami akapanda, tukaenda kwenye kipande laini cha barabara ya Mombasa asubuhi mapema kabla magari hayajazidi, akaniamuru niende kilomita 40 kwa saa, nilegeze mikono usukanini bila kuuachia, kisha nikanyage. Lori likasimama limenyooka. Tukarudia mara tatu, na mara zote tatu likanyooka. Kama kiatu cha breki kingekuwa na grisi, au wilisilinda (silinda ya gurudumuni inayosukuma viatu) ya upande mmoja ingekuwa imekwama, gari lingevuta hapo pia, kwa sababu ubovu wa namna hiyo hauchagui lami wala vumbi. Ubovu unaojitokeza penye mikunjo tu ni wa kitu kinacholiweka gurudumu ardhini.

Kisha tukaenda njia ya vumbi kwa muda wa dakika 20 hivi, tukasimama, akashuka na kuinama chini ya bodi ya mbele. Akaigusa shokapu ya kulia kwa nyuma ya vidole, akaigusa ya kushoto, akagusa na chuma cha chesisi, kisha akaniita nifanye vivyo hivyo. Ya kulia ilikuwa na joto la kuonekana wazi. Ya kushoto ilikuwa baridi sawa na chesisi. Hicho ndicho kipimo ninachotaka kila mwenye lori akijue, maana hakigharimu chochote. Shokapu haibebi mzigo. Anayebeba mzigo ni springi. Shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kupigwa na shimo, na huifanya kazi hiyo kwa kuyasukuma mafuta yaliyo ndani yake yapite kwenye vitundu na vali nyembamba, ili nguvu ya mtikisiko igeuke kuwa joto. Kwa hiyo shokapu iliyopita kwenye njia mbovu na kubaki baridi haikufanya kazi yoyote. Mtu ajihadhari tu asiguse bomba la moshi lililo jirani, na aguse kwa wepesi, kwa sababu iliyo nzima huweza kuwa ya moto wa kuunguza.

Kipimo wanachokipenda wengi, cha kulisukuma gari chini kwa kona na kuhesabu linavyoyumba, kinafaa kwa gari dogo la nyumbani. Kwenye lori springi ni ngumu mno na mabamba yake husuguana yenyewe kwa yenyewe, hata gari likaonekana limetulia ilhali shokapu imekufa tangu mwaka jana. Tairi husema kweli zaidi. Ami aliuchukua mkono wangu, akaupitisha polepole juu ya tairi la mbele kushoto, nami nikahisi vijibonde vidogo vikifuatana, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyekwangua kwa kijiko. Tairi lililolika upande mmoja mara nyingi huashiria alainimenti (mpangilio wa magurudumu) mbaya, bali lenye mabaka ya kupanda na kushuka linaonyesha gurudumu limekuwa likidunda. Bearingi iliyolegea pia huweza kuleta mabaka, basi tukalipandisha gurudumu kwa jeki, tukatia kabari nyuma, tukalitikisa kwa mikono juu na chini. Halikuwa na mchezo.

Kwa nini sikuona mafuta yakivuja? Hili nilimuuliza, na jibu tulilipata tulipoifungua ile shokapu ya kushoto. Kijiti cha ndani, ambacho kinapaswa kung'aa kama kioo, kilikuwa kimetobolewatobolewa na kutu ya chumvi kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Vile vitundu vilikuwa vimeichana sili (mpira wa kuzuia mafuta yasitoke) kila kijiti kilipopanda na kushuka, mafuta yakaisha zamani, na vumbi la njiani likajishika juu ya umajimaji huo na kukauka, likawa ganda gumu la rangi ya udongo. Shokapu yenye jasho jembamba karibu na sili si lazima iwe mbovu. Yenye kulowa na kuchuruzika ndiyo ya kuondolewa, na iliyokwisha kukauka chini ya ganda huonekana nzima kuliko zote. Tulipoisimamisha na kuisukuma, ilizama bila ukinzani wowote. Ya kulia ililazimika kuegemewa kwa uzito wa kifua.

Sasa nije kwenye kuchagua, ambako nako nilikosea mara moja kabla ya kupatia. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeongeza mabamba mawili ya springi kwa kila upande ili gari lisilale chini ya mzigo wa mawe. Wengi wetu hufanya hivyo, na karibu sote husahau kwamba springi iliyokazwa hurudi juu kwa nguvu zaidi, na shokapu ya kiwandani ilipimwa kwa springi ya kiwandani. Hiyo yangu ilikuwa imefanya kazi iliyoizidi kwa mwaka mzima kabla ya chumvi kuimaliza. Duka la kwanza nililonunua, ambalo sitalitaja, liliniuzia jozi niliyoambiwa ni ya kazi nzito, tena ndefu kidogo, na kwamba urefu si neno. Urefu ni neno kubwa kuliko yote. Shokapu ikiwa ndefu mno hukunjika hadi mwisho kabla ekseli haijafikia mpira wa kuzuia springi isigonge chesisi, na hapo kila shimo hulipokea yenyewe kwa kugongana chuma kwa chuma ndani mwake, hadi ivunjike au iling'oe bano la kuifungia. Ikiwa fupi mno, gurudumu linaposhuka shimoni hujivuta hadi mwisho na kujichana. Kwa bahati Ami aliipima kabla ya kuifunga, nikairudisha.

Njia yake ya kupima ni hii. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, alipima kutoka katikati ya jicho la juu la shokapu (tundu la kuifungia) hadi katikati ya jicho la chini, kwanza likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wangu wa kawaida. Akapima pia nafasi iliyobaki kati ya ekseli na ule mpira, kwa sababu hiyo ndiyo safari ya kupanda iliyobakia. Halafu akapima shokapu mpya ikiwa imekunjwa yote na ikiwa imevutwa yote. Alitaka vipimo viwili vya garini viangukie karibu na katikati ya safari ya shokapu, ibaki nafasi juu na ibaki nafasi chini, na mpira ufikiwe kabla shokapu haijafika mwisho wake. Kwenda dukani na utepe wa kupimia pamoja na shokapu kuukuu mkononi ni bora kuliko kwenda na jina la gari peke yake, hasa kwa magari yetu ambayo yamekwisha badilishwa springi, mabano na hata ekseli na wenye kuyamiliki kabla yetu. Aangalie pia mtu namna ya kufungia, kama ni jicho au ni pini yenye nati, na upana wa bushi (mpira ulio ndani ya jicho), kwani bushi iliyolazimishwa kwa washa (kipete cha chuma) haidumu.

Kisha kuna aina. Zipo zenye bomba moja ndani ya jingine, na zipo zenye bomba moja tu. Ya bomba moja hupoza mafuta vizuri zaidi kwa kuwa upepo unaligusa bomba lenyewe ambamo pistoni inatembea, lakini kwa sababu hiyo hiyo jiwe likilibonyeza bomba, pistoni hukwama na shokapu imekwisha. Ya mabomba mawili huweza kubonyea kidogo nje na ikaendelea kufanya kazi. Kwa njia zetu za kokoto na matumbawe mimi nimechagua mabomba mawili, yenye gesi ya naitrojeni ya shinikizo dogo, kwa kuwa gesi hiyo huyazuia mafuta yasitoe povu kwenye mikunjo mirefu, na mafuta yenye povu hayazuii kitu. Wanaokwenda kasi mchana kutwa kwenye njia ndefu wana sababu nzuri ya kupendelea bomba moja. Nilichokataa ni ile iliyo ngumu kupita zote dukani, kwa maana lori langu nusu ya safari zake huenda tupu, na shokapu iliyo ngumu mno kwa gari tupu humfanya dereva ahisi kila kokoto huku tairi likirukia juu ya mikunjo badala ya kuifuata. Kwa mtazamo wangu, nguvu inatakiwa zaidi katika kurudi kuliko katika kukunjika, na muuzaji ajuaye bidhaa yake anaweza kukueleza tofauti hiyo.

Ami hafungi shokapu moja akaacha ya pili, hata kama ya pili ingali na joto. Alizibadilisha zote mbili za mbele, na kabla ya kuzifunga alizisimamisha wima, akazivuta na kuzikunja mara tano sita mpaka ukinzani ukawa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa zile za mabomba mawili zikilala ghalani hewa huingia mahali pa mafuta. Shokapu ambayo baada ya hapo ingali na mahali patupu katikati ya safari yake irudishwe dukani siku hiyo hiyo. Nati za bushi alizishika kwa mkono tu gari likiwa juu ya jeki, na hakuzikaza mpaka lilipokuwa limekaa kwa magurudumu yake, maana mpira wa bushi ukikazwa gari likining'inia hubaki umesokotwa maisha yake yote, na hupasuka mapema.

Lori likaacha kuvuta. Hata hivyo breki zenyewe hazikuwa salama. Kwa kuwa sasa kelele ya shokapu ilikuwa imeondoka, tuliweza kuzisikia zikisema la kwao: pedali ilikuwa ikishuka chini mno kwa mkanyago wa kwanza, na gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa na harufu.

Pedali ina lugha yake, na mtu akiijua hatabadilisha masta silinda bure kama nilivyobadilishiwa mimi. Ikishuka sana mara ya kwanza kisha ikapanda na kuwa ngumu kwa mkanyago wa pili, mara nyingi viatu vimekuwa mbali na dramu na vinahitaji kurekebishwa kwa lile gurudumu dogo lenye meno lililo nyuma ya bamba. Ikipanda lakini ikabaki laini kama inayokanyaga sponji, kuna hewa ndani. Ikisimama vizuri, kisha ikazama polepole chini ya mguu uliotulia huku hakuna mafuta yanayovuja nje, hapo masta silinda inapitisha ndani mwake. Ikiwa ngumu kama jiwe na gari halitaki kusimama, utafute msaada wa vakyumu: zima injini, kanyaga mara kadhaa hadi igume, ushikilie mguu hapo hapo, kisha washa, pedali inatakiwa kuzama kidogo. Isipozama, kagua mpira wa vakyumu na pampu yake, ambayo kwenye Canter kama yangu imefungwa nyuma ya altaneta. Yangu ilikuwa ya namna ya kwanza. Viatu vya mbele vilikuwa vipya na havikuwahi kurekebishwa tena baada ya kukaa, na vya nyuma havikuguswa na mtu.

Tulipolifungua gurudumu la nyuma kushoto (na utingo mgeni akumbushwe kwamba kwenye malori mengi ya Kijapani ya zamani nati za upande huo hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume), tulikuta lainingi (sehemu ya kusugua iliyobandikwa kwenye kiatu cha breki) imelowa. Umajimaji katika dramu ya nyuma una asili mbili. Unaweza kuwa mafuta ya breki kutoka wilisilinda, au mafuta ya difu (gia za ekseli ya nyuma) yaliyopita kwenye sili ya ekseli, na dawa za mambo hayo mawili ni tofauti. Ami alichovya kidole, akakitia kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya breki ya kawaida huyeyuka na kupotea majini. Ya difu huelea, nayo ni mazito na yana harufu kali ya salfa. Yetu yalipotea. Akaivuta kidogo ngozi ya mpira ya wilisilinda, tone likadondoka. Vumbi la breki hakulipuliza kwa pampu ya upepo, alilifuta kwa kitambaa kilicholoweshwa, kwa sababu lainingi za zamani huenda zina asbesto, na vijana wa gereji wanalivuta pumzi vumbi hilo kila siku bila kinga. Viatu vilivyolowa havikusuguliwa kwa msasa vikarudishwa. Vilitupwa, na vya upande wa pili vikabadilishwa pamoja navyo.

Jambo la pili tulilolikuta nyuma ndilo lililonifundisha zaidi. Baadhi ya malori yana vali ya kugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo, yenye mkono mwembamba unaounganisha chesisi na ekseli ya nyuma. Gari likishuka kwa uzito, mkono huo huinuka na vali huruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Langu linayo, na mabamba niliyoyaongeza yalikuwa yameinua chesisi juu, hata gari lililojaa tani za chumvi likawa linaiambia vali kwamba ni tupu. Breki za mbele zilikuwa zikibeba kazi karibu yote, na gurudumu la mbele kushoto lilikuwa halina shokapu. Vali ilipimwa upya kwa springi zilivyo sasa, kazi ambayo hufanywa kwa kufuata kitabu cha gari na si kwa kukisia.

Mafuta ya breki yote tuliyabadilisha. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu haina upungufu wa unyevu. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi kwa uchache, lakini yakishalowa kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Ya DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea, na pedali huenda hadi sakafuni. Kila miaka 2 inatosha kuwa kanuni. Asithubutu mtu kuongeza mafuta ya injini au ya haidroliki kwenye kikopo cha mafuta ya breki, kwani mipira yote ya mfumo huvimba. Wenye malori makubwa ya breki za upepo wana mambo yao mengine, na la kwanza kwao ni kuyatoa maji kwenye matangi kila siku.

Bado kuna kazi moja. Tulipokuwa chini ya gari Ami alipitisha kucha juu ya bomba la breki la chuma lililofungwa kwenye ekseli ya nyuma, na ganda la kutu likatoka limejikunja kama gome la mti. Halijavuja, ila hakutaka kulisubiri livuje. Alikataa bomba la shaba tupu, ambalo hukakamaa kwa mtikisiko na kupasuka, akaniambia nitafute la shaba iliyochanganywa na nikeli, ambalo chumvi hailiwezi kwa urahisi. Limeagizwa Mombasa na litafika Alhamisi. Mpaka hapo lori limeegeshwa uani kwake, na mahali pa kukata pamekwisha kutiwa alama ya chaki.